Macha hakuwa mchawi

Ndugu Mhariri,

Mtoto wa kaka yangu aliyeko Chumbageni, Tanga, ana kawaida ya kupiga picha kurasa za gazeti lako kila Jumapili na kunirushia kwenye simu, kwa kuwa anajua shangazi yake huku ugenini hana Kiswahili kingine cha kuchapwa anachosoma. Namshukuru. Ila Jumapili iliyopita aliniharibia chai.

Mliandika juu ya laana kubwa za dunia. Mafarao walikuwamo, wafukua makaburi walikuwamo, na katikati yao mkamweka "Macha, mchawi wa Navan karibu na Dublin", aliyewaloga wanaume wa ufalme mzima wakalala vitandani wakiugulia, mpaka ikulu ya mfalme wao ikaanguka. Pembeni mkaweka picha ya ngome ya mawe yenye minara na bendera. Kwa sentensi tatu mmekosea mahali, mmekosea jengo na, kubwa kuliko yote, mmemkosea mwanamke.

Mimi si mwanahistoria. Ni mkunga. Nimezalisha miaka 9 nyumbani na miaka 14 huku Ayalandi ya Kaskazini, na kilima mlichokiandika nakipita nikienda kazini. Naomba nafasi niseme ninachokijua.

Nianze na mahali, maana hilo ni jepesi. Kuna Navan mbili. Moja ni mji wa Kaunti ya Meath, ulio karibu na Dublin kweli, na kwa Kiayalandi unaitwa An Uaimh. Ya pili ni kilima kilicho nje kidogo ya mji wa Armagh, upande wa magharibi, mwendo wa nusu saa kwa miguu kama mvua haijanyesha. Hiki wenyeji walikiita An Eamhain. Wageni wa Kiingereza walipojaribu kutamka, ile "n" ya mwanzo ikagandana na jina, ikawa Navan. Katika hati za kale jina lake ni Emain Macha, makao makuu ya wafalme wa Ulster, jimbo la kaskazini mwa kisiwa hiki, katika hadithi zote kubwa za upande huu. Kutoka Navan moja hadi nyingine ni zaidi ya saa moja kwa gari, na unavuka mpaka wa nchi mbili. Mwandishi wenu aliwapeleka wasomaji kwa jirani akawaambia ndiko kwa mwenye nyumba.

Mimi nilipelekwa mara ya kwanza na mkunga mwenzangu, mwanamke wa hapa hapa, mtoto wa wakulima wa matufaha, wakati huo amebakiza miezi michache kustaafu. Ilikuwa Mei, asubuhi, tumetoka zamu ya usiku na macho yamejaa mchanga. Kaunti ya Armagh inajulikana kwa matufaha, na mwezi ule kila shamba lilikuwa limechanua, meupe yenye rangi ya waridi kwa mbali. Nilikuwa nimevaa viatu vya wodini. Kosa langu.

Nilitegemea kuta. Nikategemea lango, angalau ngazi. Nilichokiona ni majani. Unafuata njia ya miguu, unapanda tuta refu la udongo lililozunguka kilele chote, unateremka kwenye mtaro mpana, halafu unapanda tena ndipo unafika uwandani. Boma lote ni duara la kipenyo cha mita 250 hivi. Ndani yake kuna vitu viwili tu vya kutazama: kichuguu cha majani chenye kimo cha karibu mita 6 na upana wa mita 40, na kando yake duara jingine lililofifia, ambalo usipoonyeshwa utalipita. Basi. Hakuna jiwe juu ya jiwe. Hakuna mnara, Mhariri, wala bendera.

Mwenzangu akasimama mtaroni akaniuliza naona kasoro gani. Sikuona. Akanionyesha kwamba mtaro umechimbwa upande wa ndani wa tuta. Mtu anayejilinda huchimba mtaro nje, adui atumbukie kabla hajaufikia ukingo. Hapa adui angesimama juu ya tuta na wewe uko chini kwenye shimo, umejichimbia mwenyewe. Waliofanya kazi hii hawakuwa wajinga. Waliujenga ukingo huu kwa sababu nyingine. Labda ulikuwa wa kutenga mahali patakatifu na ulimwengu wa nje, au wa kuzuia kilichomo kisitoke. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba nimesimama mahali pa ibada na utawala kwa pamoja, si nyumbani kwa mtu.

Sasa nije kwa Macha, maana ndiye aliyenifanya nichukue kalamu.

Hadithi yake imo katika hati za karne ya 12, ingawa yenyewe ni ya zamani kuliko wino wake. Alikuwako mkulima tajiri aitwaye Crunniuc mac Agnomain, mgane, anaishi na watoto wake mbali na watu. Siku moja mwanamke mzuri asiyemfahamu aliingia ndani. Hakujieleza. Alikaa kwenye meko, akakanda unga, akamkamua ng'ombe, akawaagiza watumishi kama aliyeizoea nyumba miaka yote. Usiku ulipoingia alizima moto, akazunguka kwa upande wa kulia, akaenda kulala na Crunniuc. Tangu siku ile nyumba ile haikupungukiwa kitu: chakula, nguo, mifugo. Na mwanamke alishika mimba.

Ukafika mkutano mkuu wa watu wa Ulster, wenye michezo na mashindano ya farasi. Mke akamwonya mumewe asithubutu kumtaja huko. Mume akaitikia. (Wanawake wanaosoma hapa wameshajua kitakachofuata.) Farasi wa mfalme wakashinda kila mbio, watu wakasifu kwamba hakuna kiumbe cha kuwapita, na Crunniuc akashindwa kuuzuia ulimi: mke wangu anawapita. Mfalme akamkamata palepale. Ama mke aletwe akimbie, ama kichwa cha mume kiende.

Tarishi akamkuta Macha yuko siku zake za mwisho. Akaja, kwa kuwa asingekuja mumewe angekufa. Mbele ya umati akaomba acheleweshewe tu mpaka ajifungue. Akawakumbusha wanaume waliojaa pale kwamba kila mmoja wao alizaliwa na mama. Hakuna aliyesogea. Akamwomba mfalme, na mfalme akakataa. Akakimbia. Akawashinda farasi, na mwisho wa uwanja, mbele ya gari la mfalme, akaanguka akajifungua mapacha, wa kiume na wa kike. Kwa Kiayalandi cha kale neno "emain" ni mapacha, na hadithi inasema ndiyo maana mahali pakaitwa Emain Macha.

Alipokuwa akizaa alipiga ukelele, na kila mwanamume aliyeusikia akaanguka hana nguvu. Akatamka kwamba tangu siku ile, saa ambayo watu wa Ulster watazihitaji nguvu zao kuliko saa yoyote, zitawatoka, na watalala siku 5 na usiku 4 wakiwa dhaifu kama mwanamke aliye na uchungu wa kuzaa. Na jambo hilo litafuata vizazi 9. Wakasalimika wanawake, watoto wa kiume ambao hawajabaleghe, na mtu mmoja aitwaye Cú Chulainn.

Ndugu Mhariri, ngoja niseme kama mkunga. Mapacha, mimba imetimia, mama anakimbizwa mbele ya farasi. Mimi nikiambiwa hivyo usiku wa manane, kabla sijaulizwa jina la mgonjwa nimeshafikiria kondo la nyuma kubanduka, mtoto wa pili kukaa vibaya, na damu ile isiyosikia dawa. Nimeona mama akivuja damu baada ya kuzaa mapacha. Sauti ya chumba hubadilika, hata wauguzi wazoefu huanza kunong'ona. Aliyeitunga hadithi hii, au wale waliomsimulia, walikuwa wamekaa karibu na mzazi. Walijua kwamba uchungu una muda wake, na kwamba mtu mwenye uchungu haombi jambo kubwa. Anaomba asubiriwe.

Na ninyi mkamwita mchawi. Mchawi gani aliyeanza kwa kuomba? Mchawi huja usiku kwa hasidi yake. Huyu aliletwa mchana, kwa nguvu, mbele ya watu wote. Wahenga wetu wa pwani walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kwa muda wote wa ukunga wangu nimeichukulia kauli hiyo kama ya kufariji. Macha aliigeuza kuwa hukumu: haya, jueni na ninyi. Hata kipimo cha adhabu ni cha mtu anayejua anachokisema. Siku 5 na usiku 4 ni uchungu wa kutisha, lakini haikuwa hukumu ya kifo. Wanaume wa Ulster hawakufa kwa laana hiyo. Walilala, wakangoja, wakaamka.

Yule mwenzangu alikuwa na tabia ya kuisimulia habari hii wodini kwa akina baba wenye haraka. Kulikuwa na mmoja aliyeuliza mara tatu kama kazi hii haiwezi kuharakishwa, gari lake ameliegesha mahali pa kulipia. Alisimuliwa mwanzo mpaka mwisho huku mkewe akicheka katikati ya maumivu. Hakuuliza tena.

Kuna wanaosema Macha alikuwa mungu wa kike wa ardhi na farasi, na kwamba habari nzima ni ya mfalme aliyeikosea ardhi iliyomlisha. Inawezekana kabisa. Katika Ayalandi ya kale mfalme alihesabiwa kama aliyeoana na nchi yake: akitawala kwa haki ng'ombe wanatoa maziwa na nafaka inakomaa, akipotoka kila kitu kinakauka. Mtazame tena yule mwanamke aliyeingia kwa Crunniuc na baraka zikamfuata, na mfalme aliyemvunjia heshima hadharani, utaona mantiki yake. Hata mji wa Armagh umebeba jina lake, Ard Mhacha, kilele cha Macha.

Yupo pia Macha wa pili, na kwa haki nimtaje, ingawa simpendi kama wa kwanza. Huyu ni Macha Mong Ruad, Macha wa nywele nyekundu. Baba yake na wafalme wengine wawili walipeana zamu ya kutawala, miaka 7 kila mmoja. Baba alipofariki, binti akadai zamu yake. Wakamwambia hawatampa mwanamke ufalme. Akapigana nao akashinda. Halafu wana watano wa mmoja wa wale wafalme akawakamata mmoja mmoja kwa ujanja, akawafunga, akawalazimisha wamchimbie boma, na mpaka wa boma akauchora ardhini kwa sindano ya bruchi aliyojifungia vazi shingoni. Kwa hadithi hii jina Emain linatoka kwenye hiyo bruchi. Kwa hiyo, Mhariri, mkitaka kuandika juu ya ikulu na nani aliyeijenga, wenyewe wanasema ilichorwa na mwanamke na kuchimbwa na wanaume waliomnyima zamu.

Tukiziacha hadithi, udongo wenyewe una habari ya ajabu kuzizidi, na hii ndiyo iliyonirudisha kilimani mara nyingi.

Kuanzia mwaka 1963 hadi 1971 mwanaakiolojia Dudley Waterman alikifukua kile kichuguu kikubwa. Baada ya kifo chake kazi ya kuichapisha ilikamilishwa na Chris Lynn, mwaka 1997. Chini kabisa walikuta alama za kilimo cha watu wa Zama za Mawe. Juu yake, mtaro wa duara wa zama za bronzi. Juu yake tena, alama za majengo ya mviringo yaliyoshikamana mawili mawili kama tarakimu 8, yakivunjwa na kujengwa upya palepale, mara kwa mara, kwa karne kadhaa. Halafu, ghafla, ukafanyika ujenzi ambao haufanani na kitu kingine.

Zilisimikwa nguzo za mwaloni zipatazo 270, duara ndani ya duara, zikajaza upana wa mita 40. Katikati ikasimama nguzo moja kubwa kuliko zote, nzito kiasi kwamba walilazimika kuchimba mteremko wa kuiburutia mpaka kwenye shimo lake. Kitako cha nguzo hiyo kilibaki ardhini kwenye unyevu, na mtaalamu Mike Baillie na wenzake wa Queen's University Belfast walihesabu pete zake. Kila mwaka mti huongeza pete moja, nyembamba mwaka mbaya na nene mwaka mzuri, na mfuatano huo haujirudii, hivyo ukiulinganisha na miti mingine unaweza kuusoma kama kalenda. Jibu likawa kwamba mti ulikatwa mwishoni mwa mwaka 95 KK au mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Kwa mahali palipojaa hadithi zisizo na tarehe, kupata mwaka namna hiyo ni kama mtoto kupatikana na cheti chake cha kuzaliwa.

Sasa sikiliza walichokifanya na jengo lenyewe. Hapakuwa na dalili za watu kuishi mle. Likiwa bado limesimama, walilijaza mawe ya chokaa, maelfu kwa maelfu, mpaka yakafika kimo cha karibu mita 3 kuzunguka nguzo. Juu yake mawe yalipangwa kwa mistari inayotoka katikati kuelekea pembeni, kama njiti za gurudumu. Kisha wakalitia moto kwa makusudi. Kuni ziliegemezwa ukutani kwa nje. Kilichobaki wakakifunika kwa udongo na mapande ya nyasi hadi kikawa kilima. Ndicho hicho kichuguu nilichokipanda kwa viatu vya wodini. Kwa kadiri inavyoonekana, yote yalifanyika ndani ya muda mfupi, kama kazi moja yenye hatua zake: jenga, jaza, choma, zika.

Kwa hiyo mliposema ikulu ilianguka kwa laana, mmewanyang'anya watu wale kazi yao. Haikuanguka. Waliichoma na kuizika wenyewe, kwa mpango, na walijua wanachokifanya tangu walipokata ule mwaloni. Wengine husema lilikuwa hekalu lililotolewa kwa miungu, wengine husema ni mfano wa ulimwengu mzima, na nguzo ya katikati ikishika mbingu. Mimi nimesimama juu yake mara nyingi na kila mara huwaza jambo la kipuuzi: ni nani aliyewapikia wale wafanyakazi?

Na kuna kima. Hili sikuliamini hadi niliposoma mwenyewe. Katika tabaka za majengo yaliyotangulia lile kubwa, wachimbaji walikuta fuvu na taya ya kima asiye na mkia, wa jamii ile inayoishi mpaka leo kwenye milima ya Moroko na Algeria. Mnyama wa Afrika, amezikwa katika udongo wa Armagh zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Alifikaje? Bila shaka kwa mashua, mkono hadi mkono, bandari hadi bandari, na mwishoni kama zawadi ya kumstaajabisha mfalme. Alisafiri akiwa hai au alikuja fuvu tupu, sitalisemea. Lakini majirani zangu wakiniuliza inakuwaje Mwafrika kuvumilia baridi ya huku, huwaambia mimi si wa kwanza, na huwaelekeza kilimani.

Ukitazama mashariki kutoka juu ya kichuguu unaona ziwa dogo, Loughnashade, maana yake ziwa la hazina. Mwishoni mwa karne ya 18 watu waliokuwa wakichimba pembeni yake walikuta mabaragumu manne ya bronzi pamoja na mafuvu ya watu. Limebaki moja, liko katika Makumbusho ya Taifa mjini Dublin, limepinda kama pembe ya ng'ombe mkubwa, na mdomo wake una sahani iliyotiwa nakshi. Maji mengine yapo upande wa magharibi: bwawa liitwalo Zizi la Mfalme, lililochimbwa na watu karne nyingi kabla ya lile jengo la nguzo. Humo walitupa mifupa ya wanyama, kalibu za kusubia panga, na sehemu ya mbele ya fuvu la kijana. Maji, moto, udongo: kila walichokithamini walikikabidhi mahali pasiporudishwa.

Hadithi nyingine za Emain ni nyingi na wasomaji wako wanaweza kuzitafuta. Cú Chulainn alifika hapa akiwa mtoto, peke yake, na fimbo yake na mpira, akawakabili wavulana 150 wa mfalme Conchobar uwanjani. Ndiye aliyekuja kuilinda Ulster peke yake Malkia Medb wa Connacht alipokuja na jeshi kutafuta fahali wa Cooley, kwa kuwa wanaume wote wengine walikuwa wamelala na uchungu wa Macha. Yupo na Deirdre, aliyelia tumboni mwa mama yake kabla hajazaliwa, mpaka mashujaa wakakimbilia silaha zao. Msicheke: jambo hilo, la mtoto kulia kabla ya kutoka, limeandikwa na madaktari, kwa nadra mno, pale chupa ikishapasuka na hewa ikapata njia. Sijalisikia kwa masikio yangu na sina hamu nalo.

Ukristo ulipokuja, kanisa kuu lilijengwa kwenye kilima cha Armagh, jirani kabisa. Kwa mapokeo ni Mtakatifu Patrick aliyepachagua, karne ya 5. Leo mji una makanisa makuu mawili yanayotazamana, moja la Kikatoliki na moja la Kiprotestanti, kila moja juu ya kilima chake, yote kwa jina la Patrick, katika mji wenye jina la Macha. Ile Emain ya kale ikabaki malisho. Hata hivyo haikusahauliwa. Mwaka 1387 Niall Ó Néill, mtawala wa Ulster, alijenga nyumba hapo kwa ajili ya kuwakaribisha washairi wa Ayalandi. Washairi, Mhariri, si wakusanya kodi.

Kilichotaka kuimaliza kabisa ni mgodi. Ubavuni mwa boma, kuelekea lile ziwa, palikuwa pakichimbwa mawe ya chokaa, na miaka ya 1980 shimo lilikuwa limesogea kiasi cha kutisha. Watu wakapiga kelele, wakajiunga, na uchunguzi wa hadhara wa mwaka 1985 ukazuia mgodi usipanuliwe zaidi. Shimo bado lipo. Mwenzangu hulipita bila kuligeukia. Na kwamba bado kuna mengi chini ya majani, hilo lilionekana mwaka 2020, pale watafiti wa Queen's University Belfast walipotangaza kwamba kwa vipimo vya kupitisha juu ya ardhi, bila kupiga hata jembe moja, wameona alama za majengo mengine makubwa ndani ya boma. Fikirini kama mgodi ungeachiwa miaka mingine kumi.

Ombi langu ni dogo. Chapeni kwamba Emain Macha iko Armagh. Chapeni kwamba si gofu la jumba, bali ni boma la udongo na jengo lililozikwa na wenyewe. Na pale mlipoandika "mchawi", wekeni neno "mzazi", kwa maana yetu ya pwani, mwanamke aliye katika kujifungua. Itatosha.

Ile picha ya minara nayo iondoeni, popote ilikotoka. Nimemtumia yule mtoto wa kaka yangu wa Chumbageni picha niliyoipiga mwenyewe Jumanne asubuhi, ataileta ofisini kwenu. Inaonyesha kichuguu, anga la mvua, na kule nyuma ya uzio kidoa cheupe ambacho mtadhani ni jiwe. Ni kondoo wa jirani.

Wako,
Mkunga wa Tanga,
Armagh, Ayalandi ya Kaskazini